ERICA SABITI: ASKOFU MKUU ALIYEKOSA NYUMBA



Katika safu yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia, leo tunawaletea maisha ya mzee wetu Erica Sabiti, Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda na Burundi. Wengi wetu hapa Gumbo tumeishi Uganda. Wapo waliokaa Adjumani, wapo waliokaa Kiryandongo, na wapo waliotoka Bidi Bidi juzijuzi. Jina la Askofu Mkuu Janani Luwum tunalijua sote, maana damu yake ilimwagika. Lakini aliyemtangulia Luwum katika kiti kile hatajwi sana. Yeye hakuuawa. Msalaba wake ulikuwa wa namna nyingine: alipewa kiti cha juu kabisa, na watu wa kanisa lake mwenyewe wakamnyima mahali pa kukaa.

Tumechagua maisha yake kwa sababu maneno ya kujitenga yanasikika sana siku hizi. Februari 2023 maaskofu wakuu wa nchi za Kusini, wakiongozwa na Askofu Mkuu Justin Badi Arama wa hapa Sudan Kusini, walitangaza kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiongozi wa Waanglikana wote, baada ya Kanisa la Uingereza kukubali maombi ya baraka kwa watu wa jinsia moja. Oktoba 2025 viongozi wa GAFCON, chini ya Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, walikwenda mbali zaidi na kuvikataa vyombo vya zamani vya umoja. Hayo ni mambo ya mafundisho, na safu hii haikuandikwa ili kuyaamua. Lakini kanisa linaweza pia kufika ukingoni mwa kuvunjika kwa sababu ya kiti, ardhi, fedha na kabila. Huko ndiko alikofikishwa Sabiti.

KUZALIWA NA KUOKOKA KWAKE

Erica Sabiti alizaliwa Ankole, magharibi mwa Uganda, mwaka 1903. Wakati huo Injili ilikuwa bado changa kwao. Iliingia Uganda mwaka 1877, wamisionari wa CMS walipofika katika jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kutoka Buganda ikachukuliwa na waalimu Waganda hadi Toro, Bunyoro, Ankole na kwingineko. Mmoja wao, Apolo Kivebulaya, alifika Toro na akavuka hadi Mboga, Congo, na huko akafa mwaka 1933. Msomaji ashike jambo hili, maana litarudi mbele: watu wa magharibi waliletewa Injili na Waganda, na kwa miaka mingi walisali kwa Luganda kabla ya kupata Maandiko katika lugha zao.

Sabiti alisoma, akawa mchungaji katika miaka ya 1930. Ndipo Uamsho ukaja, ule ulioanzia Rwanda na Uganda na kuenea Afrika Mashariki yote. Waliookoka waliitwa Balokole. Walikutana katika ushirika, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha mali walizoiba, wakaomba msamaha kwa waliowakosea. Wachungaji wengi hawakuwapenda, maana Balokole hawakuogopa kusema kwamba hata mwenye kanzu anaweza kuwa hajaokoka. Sabiti alikuwa mmoja wa wachungaji wachache wa Ankole waliokubali kuguswa. Akatubu mbele ya watu aliokuwa akiwahubiria, akawa ndugu kati ya ndugu.

Uamsho wenyewe ulipita katika jaribu la kujitenga. Mwaka 1941, katika chuo cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi 26 wa uchungaji walifukuzwa, akiwamo William Nagenda. Wengi walidhani Balokole watatoka na kuanzisha kanisa lao. Sababu walikuwa nayo, na watu walikuwa nao. Lakini walikaa ndani. Wakaendelea kuhubiri chini ya miti na katika nyumba zao, na Jumapili wakaingia katika kanisa lilelile lililowafukuza. Si kila mahali ilikuwa hivyo. Kule Nyanza, Kenya, mgogoro kama huo uliisha kwa kuachana: mwaka 1958 Matthew Ajuoga na wenzake, walioitwa Johera, yaani watu wa upendo, walitoka Kanglikana wakaanzisha Church of Christ in Africa. Sabiti alitoka katika upande ule wa Uamsho uliochagua kubaki.

Mwaka 1960 akawekwa wakfu kuwa askofu, akapewa dayosisi ya Ruwenzori, makao yake Fort Portal. Mwaka uliofuata, 1961, Uganda, Rwanda na Burundi zikawa jimbo moja la Kanglikana lenye kujitegemea, Askofu Mkuu wa kwanza akiwa Mwingereza, Leslie Brown. Brown alikuwa pia Askofu wa Namirembe.

KITI BILA NYUMBA

Namirembe ni kilima cha Kampala. Jina lake linatokana na neno la Luganda la amani. Juu yake pana kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, la matofali mekundu, lililokamilika mwaka 1919. Kwa Waganda hapo ndipo mama wa makanisa yote ya Uganda alipo. Ardhi ilitoka kwa Kabaka. Mashahidi wa mwaka 1886 walikuwa vijana wa jumba la Kabaka. Waliopeleka Injili mikoani walikuwa wana wa Buganda.

Brown alipoondoka, ofisi zake mbili ziligawanyika. Namirembe ilimpata Dunstan Nsubuga, Muganda, kuwa askofu wake mwaka 1965. Uaskofu Mkuu maaskofu wakampa Sabiti, naye akaketishwa Januari 1966. Waganda wengi walishtuka. Walitarajia kwamba Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika atakuwa mtu wa Namirembe. Sasa amekuwa mtu wa Ankole, ambaye dayosisi yake iko Fort Portal, kilomita kama 300 kutoka Kampala.

Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mwezi Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote alisimamisha katiba ya nchi. Tarehe 24 Mei jeshi likashambulia jumba la Kabaka Mutesa wa Pili pale Mengo, jirani kabisa na Namirembe, na Kabaka akakimbilia Uingereza. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Mwaka 1969 Kabaka akafia London. Waganda walikuwa watu wenye kidonda. Walikuwa wamepoteza mfalme, serikali yao na heshima yao. Kilichobaki mikononi mwao kilikuwa Kanisa la Namirembe. Na hata humo walimwona mtu wa nje akiketi juu yao. Wengine wakasema Sabiti ni mtu wa Obote, ingawa yeye alichaguliwa na maaskofu wenzake.

Tukiwa wa haki, tusiwahukumu Waganda haraka. Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Lakini nao wa mikoa mingine walikuwa na lao. Waliona kanisa ambalo mali yake nyingi iko Buganda, na ambalo wao ni wageni ndani yake hata kama wameokoka miaka 40. Ilipopendekezwa katiba mpya ya Kanisa, yenye kuimarisha ofisi ya Askofu Mkuu na kumpa makao yake Kampala, Waganda waliona kwamba ardhi yao na fedha yao vinataka kuchukuliwa. Wa mikoani waliona kwamba bila hivyo Askofu Mkuu atabaki mpangaji.

Na kweli alikuwa chini ya mpangaji. Sabiti aliendesha jimbo la nchi tatu akiwa Fort Portal. Kampala, mji mkuu, hakuwa na kanisa lake wala nyumba ya kiti chake. Ilifika hatua milango ya kanisa kuu la Namirembe ikafungwa asiingie. Dayosisi za Namirembe na West Buganda zikatangaza nia ya kujitoa na kuwa jimbo lao peke yao. Kanisa la mashahidi likawa karibu kuwa makanisa mawili, la Waganda na la wasio Waganda.

ALICHOFANYA NA ALICHOKATAA KUFANYA

Sabiti angeweza kufanya mambo matatu, na kila moja lingeeleweka.

Angeweza kutumia serikali. Obote alikuwa na askari, na askari walikuwa wameshaingia Mengo. Askofu Mkuu hakuingia Namirembe kwa bunduki.

Angeweza kuwaacha waende. Wa mikoa mingine walikuwa wengi, na wapo waliochoka. Kanisa bila Namirembe lingekuwa na mkutano mmoja wa amani zaidi kila mwaka. Hakukubali kwamba ndugu ni mzigo wa kutua.

Angeweza kujiuzulu kwa heshima na kurudi Ankole kuchunga ng'ombe. Hakufanya hivyo pia, kwa maana kuondoka kwake kungesema kwamba kiti kile ni cha kabila moja.

Aliyofanya yanaonekana madogo. Alibaki Fort Portal. Alisafiri barabara ile ndefu. Alishiriki na ndugu wa Uamsho, Waganda na wasio Waganda, maana ushirika wa Balokole haukuvunjika hata dayosisi zilipokuwa zikivunjika. Alivumilia kutukanwa miaka mitano. Wapo waliomwona mnyonge, na pengine kwa mambo ya utawala kweli hakuwa mtu wa nguvu. Lakini hakuongeza kuni katika moto.

KIKAO CHA NOVEMBA 1971

Januari 25, 1971, Idi Amin akapindua serikali ya Obote. Waganda wengi walifurahi, hasa mwili wa Kabaka uliporudishwa na kuzikwa Kasubi mwezi Aprili. Mwezi Novemba mwaka huohuo Amin, ambaye ni Mwislamu, aliwaita maaskofu wa Kanglikana na wajumbe wa mabaraza ya dayosisi zote wakutane Kampala, akawaambia wamalize ugomvi wao.

Ni aibu kubwa kwa kanisa kuitwa na mwanajeshi na kuambiwa lipatane. Waliokuwepo walisimulia baadaye kwamba mwanzoni mlikuwa na maneno makali, kila upande na hesabu zake za makosa ya mwenzake. Kisha wakaomba. Katika maombi mioyo ikavunjika. Watu wazima, maaskofu na wazee wa kanisa, wakaanza kuomba msamaha wao kwa wao. Lile zoezi la Uamsho, la kuanza na dhambi yako kabla ya dhambi ya ndugu yako, likafanya kazi ambayo katiba haikuweza kuifanya.

Lakini wapendwa, machozi peke yake hayajengi nyumba. Kikao kile kiliacha jambo la kushika mkononi. Ikaundwa dayosisi mpya, ndogo, ya Kampala, kuwa makao ya Askofu Mkuu, na kanisa la Watakatifu Wote pale Nakasero likawa kanisa lake kuu. Namirembe ikabaki Namirembe, na askofu wake Nsubuga, na kilima chake, na historia yake. Hakuna aliyeipanda kwa nguvu. Na Namirembe na West Buganda hazikujitoa.

Angalieni kila upande ulilipa nini. Namirembe ilikubali kumegwa kipande cha mji. Wa mikoani walikubali kwamba Askofu Mkuu wao hataketi katika kanisa kuu la zamani, lile kubwa lenye heshima. Na Sabiti mwenyewe, mzee wa miaka karibu 70, mwaka 1972 aliiacha Ruwenzori, dayosisi aliyoilea miaka 12 na iliyompenda, akaenda kuanza upya katika dayosisi isiyo na historia.

MWISHO WA KAZI YAKE

Sabiti alistaafu mwaka 1974. Aliyechaguliwa baada yake ni Janani Luwum, Mwacholi kutoka kaskazini. Hakuna aliyemfungia Luwum mlango. Alikuta nyumba tayari, na dayosisi, na maaskofu wanaokaa meza moja.

Na ilikuwa lazima iwe hivyo, maana siku mbaya zilikuwa zinakuja. Yule yule Amin aliyewaita wapatane ndiye ambaye serikali yake ilimuua Luwum tarehe 16 Februari 1977. Siku chache kabla ya kifo chake maaskofu wa Uganda walikuwa wameandika barua moja kwa Amin, wakilalamikia mauaji na dhuluma. Iliandikwa na maaskofu wa makabila mbalimbali kwa sauti moja. Kama wangekuwa makanisa mawili yanayoshindana, kila moja lingetafuta upendeleo wa mtawala dhidi ya jingine. Tuseme basi kwamba uvumilivu wa Sabiti ulikuwa sehemu ya ujasiri wa Luwum.

Hapo pana onyo pia. Mtawala anayeingia kupatanisha kanisa haingii bure. Heri kupatana kabla hajaitwa.

Mzee Sabiti alifariki mwaka 1988.

TUNAJIFUNZA NINI GUMBO

Sisi Sudan Kusini tumeonja sumu hii. Kanisa letu la Episkopo, lililopata jimbo lake mwaka 1976 chini ya Askofu Mkuu Elinana Ngalamu, lilikuwa na maaskofu wakuu wawili kwa wakati mmoja mwishoni mwa miaka ya 1980, Elinana na Benjamina Wani Yugusuk, hadi upatanisho ulipofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vita vilikuwa vikiendelea, watu wakifa, na Wakristo wakiulizana wewe ni wa askofu gani. Wazee wetu wanakumbuka.

Pia tujue kwamba si kila kutengana ni dhambi. Mwaka 1980 Burundi, Rwanda na Zaire zilitoka katika jimbo la Uganda na kuwa jimbo lao, na Uganda ikawabariki. Mwaka 2017 Sudan ikawa jimbo lake mbali na Sudan Kusini, na tulishangilia pamoja. Mtoto akikua hupewa shamba lake, na baba hupanda naye mbegu ya kwanza. Huko ni kuzaa. Kuvunja ni pale ndugu anapoondoka usiku na mlango wa nyumba begani.

Hapa Gumbo, ng'ambo hii ya Nile, tunakaa makabila mengi juu ya ardhi ya Wabari waliotupokea. Tunaosali pamoja tumetoka Equatoria, Jonglei, Upper Nile na Bahr el Ghazal. Baadhi yetu tunahesabu nani analeta mabati, nani anashika mfuko wa sadaka, ibada iwe kwa lugha gani, nani aketi mbele. Mwenyeji anasema, nimewapa mahali na sasa mnanitawala. Mgeni anasema, nimekaa miaka yote hii na bado naitwa mgeni. Wote wawili wana ukweli, kama Namirembe na Ankole walivyokuwa na ukweli. Na kila mara jibu la haraka ni lile lile: tukatafute mti wetu, tufungue kanisa letu.

Maisha ya Sabiti yanatuonyesha njia nyingine. Kabla ya kuvunja nyumba, uliza kama inatosha kuongeza chumba. Pengine shida inakwisha kwa ibada ya pili katika lugha nyingine, kwa mweka hazina wa pili, kwa kamati ambayo kila upande una mtu wake. Hayo ni mambo ya mikono, na yanahitaji watu walioanza kutubu. Toba bila mpango hurudi kuwa ugomvi. Mpango bila toba haufiki wiki.

Na uliza pia, mimi niko tayari kulipa nini? Sabiti hakupewa Namirembe. Alipewa mahali padogo, akapokea, na kanisa likabaki moja.

KWA USHIRIKA WA ALHAMISI

1. Je, katika usharika wetu, nani ni Namirembe na nani ni Sabiti? Kila mmoja ajibu kwanza kwa upande wake mwenyewe.

2. Tofauti zetu, zipi ni za imani na zipi ni za kiti, fedha na kabila? Tuzitenge kwa uaminifu.

3. Ni chumba gani tunaweza kuongeza mwaka huu ili asiwepo mtu wa kutoka?

Tuwaombee maaskofu na wachungaji wetu, wa hapa na wa nchi jirani, wasiotakiwa na baadhi ya watu wao. Mungu awape subira ya Mzee Sabiti. Na atupe sisi moyo wa kufungua mlango. Amina.